Mbuzi Ameshaliwa

RIZIKI: Tunarekodi? Espoir, weka simu pembeni. Waambie basi, Jumapili ulikuwa wapi.

ESPOIR: Yaya, vijana wa kartiye walifanya mashindano ya chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili. Kila mtu na gunia lake la makala ya kupikia, mshindi apate mbuzi. Sasa yule wa kwanza, kwenye mlima alikamata kamio nyuma, lile lori likamvuta. Watu walimpiga picha.

RIZIKI: Na mbuzi?

ESPOIR: Picha zimefika usiku. Mbuzi alikuwa ameshaliwa.

RIZIKI: Mlikula ushahidi!

ESPOIR: Mimi nilionja mguu tu.

RIZIKI: Ndiyo maana leo unamtetea mwizi wa mbio za kinga, yaani baiskeli, yule Eekhoff.

ESPOIR: Simtetei! Sikiliza. Yorkshire, Uingereza, 2019, ubingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 23. Nils Eekhoff, Mholanzi, anavuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza. Waamuzi wanarudi kwenye video: alianguka zaidi ya kilomita 100 kabla ya mwisho, akajikinga upepo nyuma ya gari la timu ili arudi kundini. Wanamfuta. Taji kwa Muitaliano, Samuele Battistella.

RIZIKI: Sheria imefanya kazi.

ESPOIR: Kwa nani? Waendesha kinga wakianguka, wangapi wanarudi kwa mgongo wa magari na hakuna anayesema kitu? Ukitaka kumtoa, mtoe pale pale.

RIZIKI: Na kama hawakuona pale pale? Battistella hana haki? Upepo njo adui wa kinga, Espoir. Mmoja anapumzika nyuma ya gari, mwenzake anaukata kwa kifua.

ESPOIR: Na Sagan? Mbio za kinga za Tour de France 2017, pale Vittel. Mwenzake Cavendish anaanguka, waamuzi wanamlaumu Sagan, anafukuzwa siku ileile. Desemba UCI, shirikisho la kinga duniani, inakubali kwamba ilikuwa ajali, haikuwa kusudi. Nani alimrudishia Tour yake?

RIZIKI: Si ulitaka haraka? Hiyo ndiyo haraka.

ESPOIR: Haraka yenye macho, yaya.

RIZIKI: Basi Contador. Tour ya 2010 anamshinda Andy Schleck kwa sekunde 39. 2012 mahakama ya michezo inamnyang'anya kwa sababu ya clenbuterol, dawa iliyokatazwa, Schleck anapewa ushindi. Ulichelewa, lakini alipewa.

ESPOIR: Alipewa mifupa ya mbuzi! Sherehe ya mwisho pale Paris ilishapita, wimbo wa taifa ulishapigwa.

RIZIKI: Afadhali mifupa kuliko jina la mwingine kubaki kwenye orodha.

ESPOIR: Mwulize wa pili wa chukudu kama anataka mifupa.

RIZIKI: Huyo hakukamata kamio?

ESPOIR: Alikamata... kamio ndogo.

RIZIKI: Kamio ndogo! Espoir!

ESPOIR: Wote walikamata! Ukimfuta mmoja kwa kosa la wote, hujafuata sheria, umechagua mtu.

RIZIKI: Futa wote. Mbuzi apewe aliyefika kwa miguu yake.

ESPOIR: Yule wa mwisho? Ni mtoto wa mwamuzi.

RIZIKI: Mungu wangu. (anacheka) Tumebakiza dakika mbili, na yale masomo manne tuliyopanga hatujagusa hata moja.

ESPOIR: Hata Armstrong, mataji 7 ya Tour aliyonyang'anywa, yasiyo na mwenyewe?

RIZIKI: Dakika mbili, ndugu yangu.

ESPOIR: Basi andika: Eekhoff alionewa.

RIZIKI: Siandiki. Fundi, zima.