Kumi na Mbili Inapoandikwa 102

Wanachuo mnaokwenda mazoezi ya kufundisha darasa la kwanza, jiandaeni kuvunjwa mbavu. Watoto wa miaka sita na saba hawajui kwamba wanachekesha. Ninalotaka kusema leo ni kwamba karibu kila kichekesho chao kina mantiki yake ndani, na kazi yenu ni kuitafuta kabla ya kusahihisha.

Tuanze na namba. Mwambie mtoto aandike kumi na mbili. Ataandika 102, kisha atakutazama kwa madaha akisubiri vema. Usikimbilie kalamu nyekundu. Muulize, "Umefikaje hapo?" Atakuonyesha: hii kumi, hii mbili. Amesikia vizuri kabisa, na ameandika kila alichosikia, sifuri ikiwemo. Kwa mantiki hiyohiyo ishirini na tatu itakuwa 203. Asichokijua ni thamani ya nafasi, yaani kwamba 1 ikikaa nafasi ya makumi tayari ni kumi.

Chukua vijiti 12. Mwache ahesabu kumi, avifunge kwa mpira viwe fungu moja, viwili vibaki nje. Ukimletea fungu ulilolifunga wewe, atalifungua ahesabu upya kimoja kimoja, kwa sababu haamini kilichomo. Kisha kata kadi mbili za manila: ya 10 iwe na upana wa sentimeta 10, ya 2 sentimeta 5. Mtoto mwenyewe aipachike 2 juu ya sifuri. Kadi zikilingana upana, 2 itafunika 10 nzima, naye atakuuliza kumi imekwenda wapi. Swali la haki hilo!

Kwenye kusoma, neno ni "kuku", pichani kuna jogoo, na mtoto anatamka "jogoo!" bila wasiwasi wowote. Amesoma picha. Ifunike kwa kiganja, aanze upya: ku-ku. Hapo utajua kama anazo silabi au alikuwa anabahatisha.

Halafu kuna mapengo. Umri huu meno ya mbele yanang'oka, "saa sita" inakuwa "thaa thita", na darasa linaangua kicheko. Hilo si kosa la kusoma, msimhesabie. Kumpima bila kumtamkisha, andika "sasa" na "tata" ubaoni, tamka moja, aguse kwa kidole alilolisikia.

Na mtaitwa mama. Hata mwalimu mwanamume ataitwa mama, mbele ya darasa zima, na mtoto atajiziba mdomo kwa aibu. Itika tu, "abee" au "naam", kisha umsikilize alichotaka. Ukianza wewe kucheka, wengine wamepata ruhusa. Utani utamfuata hadi mapumziko, na mkono wake utakuwa mgumu kunyooka tena.

La mwisho ni kiitikio. Uliza "Mmeelewa?" Watajibu "Ndiyoooo!" Sasa uliza "Hamjaelewa?" Jibu ni lilelile, tena kwa furaha zaidi. Kwa hiyo acheni kuuliza hivyo. Wape vibao vya kuandikia, au vipande vya boksi na chaki, waandike 14, wavigeuze kifudifudi, wavinyanyue kwa pamoja ukifika tatu. Anayenyanyua nyuma ya wenzake huenda amechungulia. Darasa likiwa na watoto sitini, fanyeni mstari mmoja mmoja, maana macho yenu hayatasoma vibao sitini kabla mikono haijachoka.