Shem Karenga: Kutoka Ziwani Hadi Segere Matata

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, habari za jioni.

Ukitaka kumwelewa mwanamuziki wa dansi Shem Ibrahim Karenga, anzia Ziwa Tanganyika. Alizaliwa Bangwe, Kigoma, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Miaka ya 1960 santuri za rumba zilivuka, na wanamuziki nao wakavuka. Shem alianza kazi hapohapo Kigoma, katika bendi ya Lake Tanganyika Jazz, akiwa bado kijana mdogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaja huku Tabora, zaidi ya kilomita 400 kwa treni. Kwa nini Tabora, wakati reli ile ile ingemfikisha Dar es Salaam? Kwa sababu muziki ulikuwepo hapa! Mji huu ulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, fundi wa mandolini, ambaye kwa kweli anastahili jioni yake peke yake. Kulikuwa na Nyanyembe Jazz. Na kulikuwa na Tabora Jazz, wana Segere Matata, kama ulivyoitwa mtindo wao, ndiko Shem alikopokelewa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na tangu njia ya Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, msafiri wa Kigoma na wa Mwanza wote hupita kwetu. Mji wa namna hiyo haukosi watu wa kucheza dansi.

Hapa ndipo jina lake lilipokua. "Dada Asha" ni utunzi wake, na "Muna" pia. Zisikilizeni mkiwa mmetulia. Muziki wa dansi wa enzi hizo haukuwa na papara: kwanza maneno yanaimbwa taratibu, kila mtu aelewe kisa, magitaa ya solo na rithim yakisemezana kwa chini, kisha linakuja chemko, sehemu ya kasi ya kuchezea, na hapo mwimbaji anayaachia magitaa nafasi. Shem alikuwa hodari wa pande zote mbili, kuimba na kupiga gitaa.

Baadaye alihamia Dar es Salaam, akaongoza Tabora Jazz Stars. Alifariki Desemba 2014.

Linaloniuma ni hili: vijana wetu wanaimba "Dada Asha" harusini bila kujua aliyeitunga. Redio zitaje mtunzi kila zinapoupiga wimbo. Nanyi wazee mliomo ukumbini, mliocheza Segere Matata kwa miguu yenu, kipaza sauti kinakuja kwenu sasa. Mzee wa mstari wa mbele, karibu uanze.