Escudo Kuukuu Katika Njia za Maweni na Kinamo

Assalamu alaykum. Ndugu zangu wenye gari, na nyinyi mafundi, karibuni. Walio nyuma wasogee, maana mengi ya leo yako chini ya gari na anayesimama mbali ataona matairi tu.

Gari iliyo juu ya stendi ni Suzuki Escudo ya toleo la kati ya 1997 na 2005. Mnaijua vyema. Imepeleka watoto skuli, imechukua wageni, imebeba magunia, na sasa mwenyewe anataka iende njia za maweni Kusini Unguja, mashamba ya Pemba wakati wa masika, na mchanga wa kule Vumawimbi. Kila anayeleta gari ya namna hii huanza na suali moja: niiinue kiasi gani? Hilo tutalijibu, lakini mwishoni, kwa sababu fedha zikianza kwenda kwenye kimo hazirudi tena kwenye chesisi. Na huku kwetu gari huliwa na chumvi kabla ya kuvunjwa na jiwe.

Kwanza, kwa nini hii? Ina chesisi yake ya ngazi chini ya bodi, ekseli nzima nyuma, na lever ya 2H (magurudumu mawili), 4H (manne, mwendo wa kawaida), N (huru) na 4L (manne, mwendo mdogo). Hiyo 4L, gia nzito, ndiyo mali. Ila kumbukeni kuwa mfumo huu hauna difu ya kati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti. Ukitia 4H juu ya lami kavu na ukakata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, shafti zinabishana, na anayelipa ni mnyororo wa giaboksi ya pili, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. 4H ni ya mchanga, tope na changarawe. Basi.

Sasa chesisi. Chukueni nyundo ndogo, ya robo kilo inatosha, mgonge taratibu kuanzia mbele kwenda nyuma. Sikilizeni. Hapa chini ya mlango wa mbele chuma kinalia, sauti kavu. Sogea nyuma, pale chesisi inapopanda juu ya ekseli, karibu na mizizi ya mikono inayoshika ekseli: umesikia? Sauti imekufa, kama umegonga ndoo iliyojaa mchanga. Na ndivyo ilivyo. Chesisi ni boksi, ina matundu ya kutolea maji, na matundu hayo yakizibwa na udongo na mchanga wa pwani, chumvi hukaa ndani na kula kutoka ndani kuja nje. Rangi ya juu inaweza kuwa nzuri kabisa na chuma kilichobaki kikawa kama kopo la maziwa.

Mahala pengine pa kugonga: vikalio vya bodi, kitako cha springi za nyuma, na boriti ya nyuma kabisa inayoshika bampa. Bisibisi ikipenya, msitie rangi juu yake. Kata mpaka ufike chuma kizima, kisha uunge kwa bamba la milimita 3. Si bati la milimita 1 lililobaki kwenye mlango wa geti. Na kiraka kisiwe na ncha zilizonyooka wima, kwa sababu mshono wa wima unakata boriti mstari mmoja na chesisi itapasuka papo hapo pembeni ya weldi. Kikate kama almasi au kama jani, mshono upite kwa mshazari, mzigo utawanyike. Kabla ya kuchomelea, toa waya zote mbili za betri, sogeza paipu za breki na za petroli, na kama unafanya kazi karibu na tangi, tangi lishuke. Hapo hakuna mjadala.

Kisha zibua matundu yote, ingiza mpira wa maji matamu ndani ya boksi mpaka yatoke meupe, acha gari ikauke siku mbili au tatu mlango wazi kwa upepo, halafu puliza nta ya kuzuia kutu ndani kwa mpira mwembamba. Wengi hupaka oili chafu ya injini. Inazuia kutu kidogo, kweli, lakini inalainisha na kuvimbisha bushi za mpira, na mvua ikija inadondoka udongoni, tena mara nyingi karibu na kisima cha mtu. Nta ikikosekana, grisi iliyopashwa moto kidogo ikawa laini ni afadhali. Rudia kila mwaka kabla ya masika. Na mwenye kupenda kuendesha ufukweni maji yakipwa aache. Matone ya bahari yanayorushwa na matairi yanafika mahali ambapo mpira wa kuoshea haufiki.

Injini nitapita haraka, ila kuna jambo moja la themostati, ile valvu inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate moto. Gari ikichemka, fundi anaing'oa, mwenye gari anafurahi kuona mshale umeshuka. Themostati hufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Bila hiyo injini inakaa baridi muda mwingi, kompyuta inaongeza petroli, oili inachafuka, na tatizo lenyewe, yaani rejeta iliyoziba au feni isiyoshika, liko palepale. Utaligundua siku uko gia ya kwanza 4L, mwendo wa mtu anayetembea, mpando wa Pemba mchana wa jua, hakuna upepo wa kupoza isipokuwa wa feni. Osha rejeta kwa nje kutoka upande wa injini kwenda mbele, badilisha kifuniko chake kwa chenye namba ileile ya presha, tia kulanti, yaani dawa ya rejeta, nusu kwa nusu na maji safi. Maji ya kisima matupu yana chumvi chumvi. Yanakula pampu na njia za ndani za silinda hedi.

Haya, matairi. Hapa ndipo fedha nyingi ziende.

Visiwa hivi vina ardhi nne kwa dereva. Kichanga, cha pwani na mashamba ya minazi. Kinongo, ule udongo mwekundu, mzuri ukikauka, sabuni ukilowa. Kinamo, tope zito la mabondeni, ndilo baya kuliko yote. Na uwanda au maweni, jiwe la matumbawe lenye meno. Tairi moja haiwezi kuwa bingwa wa yote manne, kwa hiyo unachagua ile isiyokuacha njiani. Kwa maoni yetu hiyo ni tairi ya mchanganyiko, iliyoandikwa A/T ubavuni. Ile ya tope tupu, M/T, inapendeza kuitazama, lakini kwenye lami iliyolowa inateleza, na lami ndiyo utakayopita kufika huko shamba.

Tazama ubavu wa tairi hii. Kuna duara dogo na tarakimu nne, 1823: wiki ya 18 ya mwaka 2023. Tairi kuukuu za kutoka nje zinaweza kuwa na meno marefu na huku mpira umekufa. Kunja ubavu kwa kidole gumba. Ukiona nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka, usinunue hata kwa bei ya bure. Maweni hayatoboi tairi pale inapokanyaga, yanakata ubavu, na ubavu uliokatwa hauzibwi. Kama saizi yako inapatikana yenye herufi LT mbele, chukua hiyo. Kuta zake ni nene.

Saizi: kama gari yako imekuja na 215/65R16, kipenyo chake ni kama milimita 686. Ukitia 225/70R16 unafika 721. Tofauti ni milimita 35, na nusu yake, 17 na kidogo, ndiyo unayopata chini ya ekseli. Ndogo, lakini ni kimo pekee kinachoinua ekseli yenyewe; springi huinua bodi tu. Gharama yake ni asilimia 5 kwenye spidomita: ikisema 80 wewe uko 84. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, gari ikiwa imebeba watu, uone kama tairi inagusa plastiki ya ndani au ncha ya bampa.

Na upepo. Mmesikia wote kwamba njia mbaya ni kutoa upepo. Kwenye kichanga, sawa: shuka hadi PSI 18, ukizama 15, na usipite chini ya 12 kwa sababu tairi itavuka ringi ukikata kona. Kwenye maweni mambo yanageuka. Tairi laini inatoa tumbo pembeni, na lile tumbo ndilo linalopelekwa kwenye meno ya jiwe. Kaa 24 au 25, endesha taratibu, na kanyaga jiwe juu yake badala ya kulipitisha kando ya gurudumu. Kwa hiyo pampu ndogo ya kuunga kwenye betri na kipimo cha upepo ni vifaa vya lazima kuliko taa za juu ya paa.

Tumefika kwenye kimo. Milimita 40. Springi ndefu nne na shokapu zilizotengenezwa kwa kimo hicho, si vipande vya bomba chini ya springi kongwe. Kwa nini si 80? Tazama shafti ya mbele hapa. Sasa imelala karibu sawa. Ukiinua gari, inaning'inia kwa pembe, sivijointi, yaani viungo vya shafti vinavyopinda, zinafanya kazi zimepinda muda wote, mipira yake inasuguana mikunjo, inachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, na wiki mbili baadaye unasikia tak-tak-tak ukikata kona. Nyuma nako kuna fimbo inayozuia ekseli isicheze pembeni. Gari ikipanda, fimbo inaivuta ekseli upande mmoja. Kwa milimita 40 inasogea kidogo tu, kwa 80 utaona kwa macho gurudumu moja limetoka nje ya bodi. Pima pia paipu za breki za mpira: ninginiza ekseli bila jeki, kama zimekaza kama uzi wa mshipi, zinahitaji kurefushwa. Ukimaliza, gari ipelekwe kupimwa pembe za magurudumu, la sivyo tairi mpya zitaliwa upande mmoja. Na iarifu bima yako kwamba gari imebadilishwa.

Kuna kimo cha bure ambacho watu wanakisahau: ngazi za pembeni. Zifungue. Zinaning'inia chini kuliko chesisi, na kwenye maweni ndizo zinazokaa juu ya jiwe na kuondoa magurudumu ardhini. Chini ya injini tia bamba la chuma la milimita 4, lenye tundu la kumwagia oili na matundu mengine ya kuoshea. Bamba lililofungwa pande zote linageuka sinia la mchanga wa chumvi. Mwenye kupenda aluminiamu aweke kipande cha mpira kati yake na chesisi, maana metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, mojawapo italiwa.

Maji. Difu ikizunguka inapata moto, hewa ya ndani inatanuka na kutoka kwenye kipumulio kidogo juu yake. Ukiingia dimbwini inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na inavuta kile kilichopo karibu, yaani tope. Unga mpira wa petroli wa milimita 8 kwenye kipumulio, upandishe hadi karibu na betri, mdomo uelekee chini. Kazi ya nusu saa. Baada ya masika fungua nati ya kumwagia: mafuta yakitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, mwaga, tia mapya ya difu yaliyoandikwa 80W-90 GL-5.

Kuvutana. Nyingi ya gari hizi zimefika kwa meli, na vile vitanzi vyembamba chini ni vya kufungia gari melini isicheze. Havikutengenezwa kuchomoa gari topeni. Ukivivuta kwa kishindo vinaruka, na kinachoruka kinaelekea kwenye kioo cha anayevuta. Tengeneza ndoana ya bamba la milimita 10, ishikwe na bolti mbili za M12 zilizoandikwa 10.9 kichwani, alama ya uimara wake, kwenye chuma kizima cha chesisi. Kamba iwe ya nailoni, inayonyumbuka. Ile ya plastiki ya rangi ya majani ya wavuvi ni ngumu na inakatika kwa kishindo. Watu wakae mbali mara moja na nusu ya urefu wa kamba. Na kabla ya kuvuta, chimba mbele ya magurudumu, toa upepo, tandika makuti. Mara nyingi gari inatoka yenyewe.

Baada ya kilomita 100 za mwanzo rudi chini na spana, kaza bolti zote ulizozigusa. Bushi mpya na rangi mpya hukaa, na bolti hulegea.

Ndugu yangu pale ameuliza: na mwenye RAV4 je? RAV4 haina chesisi ya ngazi wala gia nzito. Springi za kupandisha milimita 30, tairi A/T, bamba la kukinga sampu (bakuli la oili chini ya injini), ngazi zing'olewe. Kwa kichanga na maweni ya mwendo mdogo inatosha kabisa. Itakapokushinda ni kupanda penye kinamo. Bila gia nzito utaanza kucheza na klachi, na klachi itanuka kabla hujafika katikati. Kwa hiyo ukifika chini ya mpando wa tope, simamisha gari, shuka, tia mguu topeni. Ukizama kupita kifundo, geuza.