Barua Hukaa kwa Aliyeipokea

Asanteni. Shikamooni wakubwa zangu. Na nyie vijana mliojibanza huko nyuma karibu na sambusa, nawaona.

Nimeombwa nizungumze juu ya kutafuta ukoo. Wengi wenu mnanijua kama yule mama wa maktaba, lakini leo maktaba naiweka pembeni, nawasema wakwe zangu. Ruhusa ninayo, nimeomba. Mume wangu ni mzaliwa wa kaunti ya Boone, jimbo la Nebraska, Marekani, na ni kilembwe wa mtu aliyetoka Norwei mwaka 1881. Nilipoolewa niliambiwa habari za babu huyo kwa sentensi tatu: alikuja na sanduku, akapewa shamba, jina lake likabadilishwa na karani wa Ellis Island, kile kituo cha kupokea wahamiaji New York. Basi. Miaka mia na zaidi ya ukoo, sentensi tatu, na ile ya tatu ni uongo.

Ellis Island ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892. Babu alikuwa ameshalima misimu kumi. Yeye alipitia Castle Garden, kituo cha kabla yake, pale pale New York. Na hata waliopitia Ellis Island, makarani wale hawakuwa wakibuni majina: walisoma orodha ya abiria iliyokwisha kuandikwa upande wa kule, melini au bandarini. Jina alilibadilisha mwenyewe, na sababu yake sisi Waswahili tunaielewa upesi kuliko Wamarekani. Norwei ya zamani kijijini ilikuwa hivi: Ole Hansen ni Ole bin Hans. Dada yake ni Hansdatter, yaani binti Hans. Halafu huongezwa jina la shamba analokaa, kama anwani. Ukihamia shamba jingine, jina nalo linahama. Kwa hiyo kaka aliyekwenda Marekani akashika jina la shamba alilozaliwa likawa jina la ukoo, na dada aliyeolewa bonde la pili akawa na jina la shamba la mumewe. Watoto wa baba mmoja, mama mmoja, na kwenye karatasi hawafanani hata herufi. Miaka miwili nilimtafuta dada yule kwa jina la kaka yake. Nacheka sasa, wakati ule sikucheka.

Turudi kwenye shamba. Sheria yenyewe ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862, inaitwa sheria ya Homestead. Mwenye umri wa miaka 21 au mkuu wa kaya, akiwa raia au ameshaapa kwamba anakusudia kuwa raia, aliandikishiwa hadi ekari 160 za serikali. Ada zote zilikuwa kama dola 18. Sharti akae hapo, ajenge, alime, miaka mitano. Mwanamke asiye na mume naye aliruhusiwa, na wako wengi waliofanya hivyo. Hati za kumiliki zilizotolewa zinafika kama milioni 1.6.

Nikisema walowezi, naona ndugu zetu wa Nakuru wanatazamana. Mna haki. Ardhi hiyo haikuwa ikimngojea mtu. Kaunti inayopakana na Boone upande wa kusini, Nance, ilikuwa ardhi iliyotengewa Wapawnee, wenyeji wa asili, mpaka walipohamishiwa eneo ambalo leo ni Oklahoma, kati ya 1873 na 1875. Babu amefika 1881. Mama mkwe wangu zamani alikuwa akisema "hapakuwa na mtu". Siku hizi hasemi.

Sasa, kila aliyekamilisha madai yake ana jalada, na majalada hayo yako Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Washington. Hata aliyeshindwa akakimbia ana jalada. Watu wengi huishia kwenye ile hati ya mwisho, kwa sababu inapatikana bure kwenye intaneti na inapendeza kwenye fremu. Hati haina kitu. Agizeni jalada zima. La babu linasema, kwa ushahidi wa kiapo wa mwaka 1888: nyumba ya mabonge ya udongo na mizizi ya nyasi, futi 14 kwa 18, mlango mmoja, madirisha mawili. Kisima. Banda la farasi. Ekari 40 zimelimwa, ngano na mahindi. Nikaona madirisha mawili nikasimama pale. Mtu amehesabu madirisha! Ndani ya nyumba ya udongo, kwenye uwanda ule wa upepo, kioo kilikuwa mali ya kutajwa mbele ya serikali.

Tazameni na mashahidi. Ni majirani, lakini mara nyingi jirani huyo ni shemeji, au mtu wa bonde lile lile la kwao. Shahidi mmoja wa babu ndiye aliyenionyesha parokia waliyotoka, kwa sababu kaburi la shahidi limeandikwa alikozaliwa, na la babu halikuandikwa.

Lakini karatasi ina mahali inapokatika. Sensa ya 1900 ilimuuliza kila mama swali ambalo mimi naliona zito kuliko yote: umezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai? Bibi amejibu saba, watano. Sisi tuliwajua watano. Wawili ni nani? Kwenye sensa ya jimbo ya 1885 hawamo, maana yake walizaliwa baadaye. Sensa ya 1890 karibu yote iliharibika katika moto wa Washington mwaka 1921. Na wakati huo Nebraska ilikuwa bado haijaanza kuandikisha vifo kwa jimbo zima. Watoto wawili wamekuja na kuondoka katikati ya madaftari. Nilimwambia mume wangu hapa tumefika, hakuna mlango mwingine.

Mlango ulikuwa mate. Wifi yangu alimnunulia mama kipimo cha DNA kama zawadi ya Krismasi, mama akatema kwenye kichupa kwa shingo upande. Wiki chache baadaye anatokea mwanamke wa Norwei, muuguzi mstaafu, wanashirikiana sentimogani 58. Hicho ni kipimo cha urefu wa vipande vya DNA walivyorithi kwa pamoja, na 58 inakaa vizuri kwa watu ambao ni vitukuu wa ndugu wawili. Angalieni lakini: vitukuu wa ndugu wawili, karibu mmoja kati ya kumi hawaonyeshi chochote kwenye kipimo. Mkikosa kulingana msikane undugu.

Nikamwandikia. Kurasa nne! Maswali kumi na tisa, mti wa ukoo, nakala za jalada. Kimya, miezi minane. Angejibuje? Mgeni anakuja na majina ya wazee wako wote, anataka kujua bibi yako alizikwa wapi. Hata mimi ningesema tapeli huyo. Safari ya pili nilituma picha moja tu, ya babu amesimama mbele ya ile nyumba ya udongo, na mstari mmoja: je, umewahi kumwona huyu? Akajibu baada ya siku mbili. Picha ile ile ilikuwa ukutani kwa mama yake, na miaka yote hawakujua ni nani, walimwita tu "yule wa Marekani".

Na alikuwa na kopo la biskuti. Ndani barua 19.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Barua hukaa kwa aliyeipokea. Aliyoandika bibi yangu Pangani iko Mombasa kwa mdogo wake; sisi wajukuu tulio Pangani hatuna mwandiko wake hata mstari. Sauti ya babu haikuwamo Nebraska. Ilikuwa imepanda meli, barua moja moja, kwenda kwa dada yake. Na juu ya dari ya mama mkwe palikuwa na bahasha ya karatasi za Kinorwei, za mwandiko wa Kigothiki usiosomeka, ambazo mara mbili zilikuwa zitupwe. Ndizo barua za dada. Kila nyumba ilikuwa imetunza nusu ya nyumba nyingine bila kujua.

Kila Jumapili yule muuguzi akawa anatusomea kwa simu ya video. Mimi nainua ukurasa mbele ya kamera, yeye anasoma na kufasiri, mama mkwe anasikiliza huku akimenya viazi. Barua ya babu ya Novemba 1893 inaeleza dondakoo. Wasichana wawili, wa miaka sita na minne, ndani ya wiki moja. Amewataja majina, sitayataja hapa, ni ya wenyewe. Amesema amewazika juu ya kilima kaskazini ya kisima, na kwamba ardhi ilikuwa imeanza kuganda.

Siku hiyo mama aliacha viazi. Kisha akaomba tutafute kwenye bahasha yake barua ya dada ya mwezi huo. Ilikuwepo. Zimepishana baharini. Dada anaandika kwamba amemaliza kufuma jozi mbili za soksi za sufu kwa wale wadogo, atampa mtu wa kijijini anayesafiri majira ya kuchipua, naye anauliza miguu yao imekua kiasi gani.

Si kila atakayetafuta atapata kopo. Wengine wamepata mtoto wa nje ya ndoa, wengine wamepata ndugu asiyetaka kupatikana, na huyo mwacheni. Wengine hawakupotezana kabisa: nendeni Nicodemus, Kansas, mji ulioanzishwa 1877 na Weusi waliotoka utumwani Kentucky, mpaka leo wajukuu wanarudi kila kiangazi, na wakikaa pamoja wanaambiana nani ni wa nani. Pale sikufungua daftari. Nilikaa kwenye kivuli na wazee nikasikiliza.

Soksi zilifika au hazikufika, barua zilizobaki hazisemi. Kile kilima sasa ni shamba la soya la mtu mwingine, ametukubalia tupite mavuno yakiisha. Yule muuguzi anakuja Oktoba na wanawe wawili, na mama mkwe ameshapaka rangi chumba cha wageni mara ya pili, ya kwanza hakuipenda.

Haya, maswali. Anza wewe dada mwenye kitenge cha njano.