Chumvi ya Tangi Hupimwa kwa Mizani na Kipimajoto

(Mhadhara kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, Dar es Salaam)

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Ahsanteni kwa kuvumilia foleni ya saa hizi mpaka mkafika. Nimeombwa nizungumzie chumvi, nami leo sitagusa kingine. Taa, machujio na aina za samaki vitasubiri, kwa sababu wengi mnaoniuliza kwa nini kamba wenu wanakufa, au kwa nini kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, kimenywea siku ya tatu tu, jibu lenu nimeshalikuta mara nyingi ndani ya ndoo mnayochanganyia maji.

Tuanze na bahari yenyewe. Chukua kilo moja ya maji ya Bahari ya Hindi, mbali kidogo na ufukwe wetu. Ndani yake mna chumvi kama gramu 35. Kati ya hizo kloridi ni kama 19, sodiamu karibu 11, salfeti 2.7, magnesiamu 1.3, kisha kalsiamu na potasiamu kama 0.4 kila moja. Meli ya Waingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876, na mkemia William Dittmar akachunguza sampuli 77 za maji iliyokuja nayo. Alichokuta ndicho kinachotuwezesha kufuga samaki wa bahari sebuleni: chumvi huzidi hapa na kupungua pale, lakini uwiano wa madini makubwa karibu haubadiliki. Kwa hiyo kiwanda kinaweza kupanga uwiano huo ndani ya mfuko, na wewe ukabakiwa na kazi moja tu, ya kupata kiasi.

Mzee wangu hapa mbele ananikatiza, na swali lake ni zuri: kwa nini tununue chumvi ya bei kubwa kutoka nje wakati Bagamoyo ina mashamba ya chumvi? Mzee, chumvi ya shambani ni ya bahari kweli, ila imeachana na wenzake njiani. Maji yakikaushwa na jua, kalsiamu nyingi hutangulia kuzama kama jasi. Baadaye ndiyo inaganda chumvi tunayoijua, na mkulima huivuna. Magnesiamu na potasiamu hubaki kwenye yale maji machungu yanayomwagwa. Unachoweka kwenye gunia ni kloridi ya sodiamu karibu yote, na ya dukani imeongezewa madini joto. Kwa mboga ni nzuri sana. Kwenye tangi samaki wagumu wataivumilia muda, lakini konokono na matumbawe watajengea nini magamba na mifupa yao?

Wapo wanaochota bahari moja kwa moja. Siwakatazi, mradi mchote mbali na mitaro, msichote karibu na mlango wa mto Msimbazi, na msichote wakati wa masika mvua zinapomwaga maji matamu na taka ufukweni. Hayo nayo yapimwe kabla ya kuingia ndani. Na ukifika visiwa vya Mbudya au Bongoyo, kumbuka kwamba ni hifadhi: samaki na matumbawe ya huko yaache huko huko.

Sasa ndoo. Hii hapa ni ya lita 20, nimeijaza maji matamu. Maji ya bomba yana klorini, lazima iondolewe. Maji ya visima vingi vya jiji hili yana chumvi yake mwenyewe, na ukiyatumia hujui umeanzia wapi. Mimi nasisitiza maji yaliyosafishwa kwa mashine ya kuchuja madini. Kuna mtindo nimeuona wa kukinga maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi kwa kuwa eti ni safi. Tafadhalini, acheni. Yamepita juu ya mabomba ya shaba, na shaba kidogo tu huua kamba na matumbawe.

Chumvi iwe kwenye mizani. Mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha. Kikombe hakifai, maana kikombe cha chumvi laini na kikombe cha chumvi ya punje kubwa havina uzito mmoja. Mifuko mingi huhitaji kati ya gramu 36 na 40 kwa lita ili kufika 35, yaani zile gramu 35 za bahari kwa kilo ya maji. Hesabu inazidi 35 kwa sababu baadhi ya madini yale yameshikilia maji ndani ya punje zake. Soma maelezo ya mfuko wako. Wangu unasema 38, kwa hiyo ndoo hii inachukua gramu 760. Kabla ya kupima, biringisha mfuko, kwa sababu vumbi hushuka chini na punje kubwa hubaki juu, na nusu ya kwanza ya mfuko haitafanana na nusu ya mwisho. Ukishaufungua, hamishia chumvi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi na kloridi ya magnesiamu hunyonya unyevu huo. Chumvi iliyolowa ukiipima, sehemu ya gramu zako ni maji.

Maji yatangulie, pampu ndogo iwashwe, ndipo chumvi imiminwe taratibu. Ukianza na chumvi chini ukamwagia maji juu yake, kwa dakika chache maji ya chini yanakuwa makali mno. Kalsiamu inaungana na kaboneti na kuganda kama chokaa nyeupe, na ikishaganda hivyo hairudi kirahisi. Wacha pampu izungushe usiku kucha. Maji yakishakuwa meupe kama kioo, pima.

Hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini. Maji ya ndoo hii niliyachanganya jana, na nimeyathibitisha kuwa 35. Haidromita hii ya kioo, kijiti kinachoelea na kuonyesha uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na wa maji matamu, imetengenezwa kwa maji ya nyuzi 25. Naitumbukiza. Naizungusha kwa vidole ili viputo viachie, kwa sababu kiputo kikinata huinyanyua. Nasoma pale maji yalipo tambarare, siyo pale yanapopanda kwenye shina. Mwenye macho mazuri aje asome. Umeona? 1.025 kasoro kidogo. Kijitabu chake kinasema bahari ni 1.0264. Mngefanyaje? Naam, wengi mngeongeza chumvi!

Angalieni kipimajoto: nyuzi 30, bila hita. Maji ya moto hutanuka na kuwa mepesi, haidromita ikazama zaidi. Chumvi haijapungua. Ukiongeza mpaka isome 1.0264 utakuwa umefika karibu 37. Na baadhi ya haidromita zinazouzwa zimetengenezwa kwa nyuzi 15, kwa ajili ya nchi za baridi. Hiyo, ndani ya ndoo hii hii, ingesoma karibu 1.0226, na ukiifuata utafika kama 40. Joto la kutengenezewa huandikwa kwenye karatasi ndani ya shina. Lisipoandikwa, usinunue.

Rifraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, ni bora, lakini nayo isahihishwe. Nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa maji ya chumvi ya kawaida, hivyo maji halisi ya 35 huyasoma kama 36 na nusu, hata kama imekaa sawasawa kwenye sifuri. Tengeneza kipimo chako nyumbani: gramu 36.5 za chumvi ya mezani iliyo kavu, ndani ya gramu 963.5 za maji yaliyosafishwa. Mchanganyiko huo hupinda mwanga sawa na bahari ya 35. Dondosha tone, kaza skrubu mpaka mstari ukae kwenye 35.

Samaki wa bahari hunywa maji na kutoa chumvi kwa matamvua, ana namna ya kujirekebisha. Kiti cha pweza hana. Maji ya mwilini mwake hufuata maji ya nje, na ukibadilisha ghafla seli zake zinavimba au kunywea. Bahari ya Shamu hufika 40 na ina matumbawe mazuri mno. Kwa hiyo ogopeni zaidi kasi ya mabadiliko kuliko namba yenyewe. Mabadiliko yasizidi gramu moja kwa lita kwa siku.

Na maji yanayopungua kwenye tangi ni maji tu, chumvi haipai. Tangi la lita 100 lenye feni juu likipoteza lita 2 kwa siku, baada ya siku tano 35 imekuwa karibu 39. Chora mstari kwa kalamu kwenye kioo na urudishie maji matamu kila asubuhi.

Dada pale nyuma anauliza: lake ni la lita 100, limefika 38, afanye nini? Dada, toa lita 8 jumla na uweke maji matamu badala yake, lakini gawanya kwa siku tatu. Na kaka aliye pembeni yake, lake ni la lita 100 pia, ila limeshuka mpaka 33. Wewe usimwage chumvi ndani. Kwa siku tatu zijazo, zile lita 2 unazorudishia kila asubuhi ziwe za maji ya 35 badala ya maji matamu. Kila siku utakuwa umeingiza gramu 70, na ulikuwa unapungukiwa 200. Siku ya nne pima, kisha rudi kwenye maji matamu.