Kupima wasiwasi wa mtoto wa chekechea: nani aulizwe, lini, na namba inasema nini

Ndugu walimu wa chekechea, wauguzi, na ninyi wahudumu wa afya wa vijiji mliotoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Rwamwanja na Kyaka II hapa Uganda, karibuni. Muda ni mfupi, tuingie kazini.

Mtoto wa miaka minne hatakwambia kwamba ana wasiwasi. Atasema tumbo linauma. Atang'ang'ania gauni la mama langoni. Atajikojolea, au atanyamaza wiki nzima na mwalimu aandike kwenye ripoti kwamba ana adabu. Kwa hiyo tukisema tunapima wasiwasi wa umri huu, kwa kweli tunapima kile ambacho mtu mzima amekiona, amekikumbuka na amekubali kutueleza. Makosa mengi ya kazi hii yanaanzia hapo.

Dodoso nitakalolitumia kama mfano lilitungwa Australia na Susan Spence, Ronald Rapee na wenzao, likachapishwa mwaka 2001. Ni la watoto wa miaka miwili na nusu hadi sita na nusu. Mzazi anajibu maswali 28, kila moja kwa namba 0, yaani si kweli kabisa, hadi 4, yaani ni kweli mara nyingi sana. Jumla haiwezi kuzidi 112. Yamegawanywa katika mafungu matano: wasiwasi wa jumla una maswali 5, wasiwasi wa mbele za watu 6, mawazo na vitendo vya kujirudiarudia 5, hofu ya kuumia mwili 7, na kutengana na mzazi 5. Liliporekebishwa mwaka 2010, lile fungu la kujirudiarudia halikusimama, yakabaki mafungu manne. Lipo pia dodoso la Achenbach, mtafiti wa Marekani, la maswali 99, lakini hilo linapima tabia za kila aina, na humo wasiwasi na huzuni vimewekwa fungu moja. Kwa shabaha yetu ni refu mno.

Sasa, mzazi asiyesoma. Msomee, usimpe karatasi. Weka sahani na maharage manne mbele yake: hakuna hata moja ni "si kweli kabisa", yote manne ni "mara nyingi sana". Kabla ya swali la kwanza mjaribu kwa mambo anayoyajua. Mwezi wa saba hapa Isingiro mvua hunyesha mara ngapi? Jua huchomoza mara ngapi? Akiweka maharage manne kwa yote mawili, hajaelewa kipimo, na ukiendelea utapata namba zisizo na maana. Rudia hadi aelewe. Dakika tano hizo usizionee uchungu.

Kwenye tafsiri, watu wawili watafsiri kila mmoja kivyake, wakae wapatanishe, kisha mtu wa tatu ambaye hajaona maswali ya asili ayarudishe katika lugha yalikotoka. Wengi huishia hapo. Hatua inayorukwa ndiyo yenye faida kubwa: wasomee wazazi wanane hadi kumi kila swali, na umwombe kila mmoja akueleze kwa maneno yake umemuuliza nini. Chagua wa pande zote. Mama aliyetoka Kivu na Mnubi wa Bombo wote wanasema Kiswahili, ila wasipolisikia swali kwa namna moja, unalinganisha vitu viwili tofauti.

Halafu kuna maswali yasiyoingia katika maisha ya hapa. Dodoso linauliza kama mtoto anaogopa kwenda kuogelea. Linauliza kama hapendi kulala bila wewe. Katika nyumba ambamo watoto wanne wanalala mkeka mmoja na nyanya yao, mzazi atajibu nini? Na giza: pasipo umeme, choo kikiwa nyuma ya shamba, mtoto anayekataa kutoka usiku anamtii mama yake tu. Hapo ongeza: "Hata ukiwa umemshika mkono?" Lakini nyongeza hiyo iandikwe kwenye fomu na iulizwe kwa kila mzazi, si kwa yule tu aliyesitasita. Ukiondoa maswali mawili, jumla ya juu inashuka hadi 104, na huwezi tena kuilinganisha na ya mwenzako aliyeuliza yote 28. Heri utumie wastani kwa kila swali, na useme wazi umeondoa yapi.

Lini? Si Februari shule zinapofunguliwa. Darasa la bebi, yaani la kwanza la chekechea, wiki ya kwanza ni vilio, na vilio hivyo ni vya kawaida. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, toleo la 2013, unataka wasiwasi wa kutengana udumu angalau wiki nne kwa mtoto kabla ya kuitwa ugonjwa. Subiri basi wiki ya sita au ya saba. Hali kadhalika, kunyamaza katika mwezi wa kwanza wa shule hakuhesabiwi kuwa ugonjwa, wala kunyamaza kwa mtoto ambaye bado hajaijua lugha ya darasani. Mtoto anayesema Kibembe nyumbani na kukuta Kiingereza na Kinyankore shuleni, kimya chake kina sababu. Na yule wa tumbo kila asubuhi, apimwe malaria na minyoo kwanza, na muulize kama amekunywa uji.

Usimuulize mtu mmoja. Achenbach na wenzake mwaka 1987 walikusanya tafiti nyingi wakakuta kwamba watu wanaomwona mtoto mahali pamoja, kama baba na mama, majibu yao yana uwiano wa wastani wa 0.60, ambapo 1 ni kupatana kikamilifu na 0 ni kutohusiana kabisa. Wanaomwona mahali tofauti, kama mzazi na mwalimu, ni 0.28 tu. Msikimbilie kusema mmoja anadanganya. Mama anamwona usiku, mwalimu anamwona katikati ya watoto sitini. Msijumlishe namba hizo mbili na kugawa kwa mbili. Ziwekeni bega kwa bega. Mtoto aliye juu kwa mama na chini kwa mwalimu si sawa na aliye juu kwa wote wawili.

Ukitaka kuangalia kwa macho yako, chukua dakika kumi za kuagana asubuhi, uzigawe katika vipande vya sekunde 15. Unapata vipande 40. Kila kipande andika: analia, ameshikilia, ameganda, au hakuna. Kutomtazama mkubwa machoni usikuandike kabisa, maana huku ni heshima.

Waangalizi wawe wawili, na hapa kuna mtego. Tuseme kila mwangalizi ameandika "hakuna" katika vipande 90 kwa kila 100. Hata kama wangejaza wamefumba macho, wangepatana katika 82, kwa sababu 0.9 mara 0.9 ni 0.81, na 0.1 mara 0.1 ni 0.01. Wakikuletea mapatano ya asilimia 86 wakishangilia, toa 82, ugawe hizo 4 zilizobaki kwa 18, yaani 100 kutoa 82. Unapata 0.22. Kipimo hicho cha mapatano yaliyozidi ya kubahatisha huitwa kapa, na 0.22 ni dhaifu. Warudishe mafunzoni.

Mtoto mwenyewe anaweza kuulizwa kuanzia miaka minne hivi kwa vikaragosi viwili, mmoja akisema "mimi naogopa" na mwingine "mimi siogopi", naye achague anayefanana naye. Badilisha mara kwa mara nani anaanza. Usimuulize swali la ndiyo au hapana, maana wadogo humwitikia mkubwa.

Mnauliza daima: alama ngapi ndiyo tatizo? Msiazime mpaka wa alama uliowekwa Australia. Hata mpaka ukiwa mzuri, fanyeni hesabu hii ya mfano. Watoto 200, wenye tatizo la kweli 20. Dodoso likiwakamata 80 katika kila 100 wenye tatizo, na kuwaachia 80 katika kila 100 wasio nalo, litawanasa 16 wa kweli na 36 wasio nalo. Kati ya 52 mliowaandika, wenye tatizo la kweli hata theluthi hawafiki. Ndiyo maana fomu haitoi jina la ugonjwa. Inawapa watoto 52 ambao wazazi wao wanahitaji mazungumzo ya pili: imeanza lini, inamzuia nini, anakula, anacheza, anakwenda shule?

Mwisho wa dodoso kuna swali la kama mtoto amepatwa na tukio la kutisha, na matano yanayolifuata, ambayo hayaingii kwenye jumla. Kwa familia zilizovuka mpaka zikikimbia vita, maswali hayo yanafungua mambo mazito. Kabla hujayasoma, uwe na jina la mhudumu atakayempokea mzazi huyo, na siku atakayokuwepo kituoni. Kama huna, ruka sehemu hiyo na uandike kwamba umeiruka.