Ufadhili wa Udaktari Unaolipwa kwa Miaka ya Kazi: Someni Mkataba Kabla ya Kusaini

Habari zenu ndugu zangu mlioko nyumbani, nanyi wenzangu wa huku Ohio mnaonisikiliza mkiwa njiani kwenda zamu ya usiku. Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke, wazazi wamekuwa wakiniandikia kuuliza kama ni kweli kwamba Marekani kuna ufadhili unaomsomesha kijana udaktari kwa sharti moja tu, la kuahidi kuitumikia jamii. Ufadhili huo upo, nami kama muuguzi nafanya kazi bega kwa bega na madaktari waliosomeshwa nao. Ila mnapaswa kufahamu tangu mwanzo kwamba mwanafunzi huulipia kwa miaka ya maisha yake, katika mahali palipoidhinishwa na mfadhili, na akivunja ahadi hulipa fedha nyingi kuliko alizopokea.

Mmojawapo ni ule wa National Health Service Corps, mpango wa serikali kuu uliotokana na sheria ya mwaka 1970, wakati ambapo madaktari wa vijijini walikuwa wakistaafu bila warithi huku vijana wakikimbilia ubingwa katika miji mikubwa. Mwanafunzi aliyekwisha kupata nafasi katika chuo cha udaktari hulipiwa ada na gharama nyingine za masomo, na kila mwezi hupewa posho ya kujikimu, ambayo hukatwa kodi ingawa ada haikatwi. Kwa kila mwaka anaolipiwa anadaiwa mwaka mmoja wa utumishi. Hata aliyelipiwa mwaka mmoja tu hutumikia miwili, na hakuna anayelipiwa zaidi ya minne. Miaka hiyo haianzi kuhesabiwa siku ya mahafali, bali baada ya mafunzo ya ubingwa, ambayo kwa daktari wa familia ni miaka mitatu zaidi. Kwa hiyo kijana anayesaini akiwa na umri wa miaka 23 anaweza kuwa amefika 30 ndipo anapoanza kulipa deni lake, pengine akiwa na mwenzi na watoto ambao hawakuwapo wakati anasaini.

Zaidi ya hayo, mkataba unamchagulia fani. Fani zinazokubalika ni za huduma ya msingi: udaktari wa familia, magonjwa ya ndani kwa ujumla, watoto, wanawake na uzazi, afya ya akili na afya ya wazee. Kijana ambaye tangu utotoni ndoto yake ni upasuaji wa moyo asijidanganye kwamba atasaini leo na kujadiliana baadaye. Kituo cha kazi nacho lazima kiwe katika eneo ambalo serikali imelitambua rasmi kuwa lina upungufu wa wahudumu wa afya, tena upungufu mkubwa kwa kipimo chao, kwa sababu maeneo hayo hupewa alama na waliofadhiliwa hupelekwa kwenye alama za juu. Daktari hutafuta kituo mwenyewe na kuomba kazi kama waombaji wengine, lakini orodha anayochagulia ameiandaa mfadhili.

Kifungu ambacho wengi hukipita haraka ni kile cha uvunjaji wa mkataba. Anayeacha masomo au kufukuzwa chuoni hurudisha kiasi alicholipiwa, na hilo linaeleweka. Lakini aliyehitimu akakataa kutumikia hudaiwa mara tatu ya fedha alizolipiwa pamoja na riba, kwa kadiri ya muda ambao hakuutumikia, na deni lote linatakiwa lilipwe ndani ya mwaka mmoja. Tuseme ulilipiwa dola 200,000 na hukutumikia hata siku moja: unadaiwa dola 600,000, na riba juu yake. Sioni kosa katika ukali huo. Fedha ni za walipakodi, na mji mdogo ambao umesubiri daktari kwa miaka hauwezi kufidiwa kwa barua ya kuomba radhi. Ninachopinga ni mtu kusaini bila kusomewa kifungu hicho.

Sasa nije kwenye jambo litakalowaumiza baadhi yenu. Mpango huu ni wa raia wa Marekani, awe wa kuzaliwa au wa kuandikishwa, na mwenye ukaazi wa kudumu, yaani ile grini kadi, hastahili. Isitoshe, udaktari huku husomwa baada ya shahada ya kwanza, na vyuo vingi vya udaktari havipokei kabisa wanafunzi wasio raia wala wakaazi. Kwa hiyo yeyote atakayekuja kwenu, iwe Mwanza au Mombasa, akiuza fomu za ufadhili huu kwa mtoto aliyemaliza sekondari, huyo ni tapeli. Maombi hufanywa kwenye tovuti ya serikali, na hayana ada. Wanaohusika hasa ni watoto wetu waliozaliwa au kukulia huku, na ndiyo maana nawaomba mlioko nyumbani mwafikishie ujumbe huu wajomba na mashangazi wa huku, kwa sababu wengi wao wanabeba zamu mbili ili wamlipie mtoto ada, na hawajawahi kusikia jina la mpango wenyewe.

Mkitaka kujua utumishi wenyewe ukoje, nitawaeleza ninachokiona kazini. Kituo chetu kinamhudumia kila anayeingia, awe na bima au asiwe nayo, kwa malipo yanayopangwa kulingana na kipato cha familia, na hilo ni sharti mojawapo la kuwapokea madaktari wa mpango huu. Wagonjwa wetu wengi ni Wasomali, na wapo Wakongomani wanaozungumza Kiswahili. Bibi mmoja wa Kivu Kusini huja na dawa zake zote ndani ya mfuko wa plastiki, za sukari na za presha zikiwa zimechanganyika, pamoja na vichupa viwili vya dawa alizoletewa na jirani. Daktari huzimwaga mezani, akazipanga moja moja huku mimi nikitafsiri, akamwuliza ipi anaimeza kabla ya chai na ipi ameiacha kwa sababu inamletea kizunguzungu. Dakika 20 hukatika hapo, na foleni ya nje haipungui. Anayetamani sifa za chumba cha upasuaji ataiona kazi hii kuwa adhabu. Anayeipenda hubaki hata baada ya mkataba wake kuisha, na wa namna hiyo ninawafahamu.

Ndiyo maana wanaochambua maombi hawatosheki na maneno matamu ya insha. Wanaangalia mwombaji alifanya nini kabla ya kuhitaji fedha zao, alikifanya kwa muda gani, na nani wa kumshuhudia. Kijana aliyemsindikiza shangazi yake kliniki kila mwezi kwa miaka mitatu akiwa mkalimani, kisha akaanza kuwasaidia majirani wengine, ana hoja nzito kuliko mwenye vyeti sita vya semina za siku moja. Andikeni mambo hayo kama yalivyo. Watoto wetu huyaona kuwa majukumu ya kawaida ya nyumbani, wakayaacha nje ya maombi, kisha wakajaza ukurasa kwa sentensi za kuwahurumia maskini.

Wapo watakaouliza kuhusu vyuo visivyotoza ada kabisa. Ni kweli kwamba chuo cha udaktari cha New York University (NYU) kiliondoa ada kwa wanafunzi wake wote mwaka 2018, na Albert Einstein College of Medicine kule Bronx kikafanya hivyo mwaka 2024 baada ya profesa wake wa zamani, Ruth Gottesman, kukipa dola bilioni moja, bila kumfunga mwanafunzi kwa mkataba wa utumishi. Ukipata nafasi huko, usisite, ingawa ushindani wake mnaweza kuukisia. Kwa wengine mambo yanazidi kubana, kwa kuwa sheria iliyosainiwa Julai 2025 inaweka ukomo wa mikopo ya serikali kuu kwa wanaoanza kukopa kuanzia tarehe 1 Julai 2026: dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla kwa masomo kama haya, wakati vyuo vingi hugharimu zaidi. Ninatarajia watakaosaini mikataba ya utumishi kwa sababu ya dhiki tu wataongezeka, na hao ndio wanaojuta.

Kwa vijana mlioko Afrika Mashariki, jirani yenu Rwanda ana mfano ulio karibu zaidi. Chuo kinachoitwa University of Global Health Equity, kilichoanzishwa na shirika la afya la Partners In Health la marehemu daktari Paul Farmer, kiko Butaro katika wilaya ya Burera, na kilipokea kundi lake la kwanza la wanafunzi wa udaktari mwaka 2019. Wanyarwanda wanaosomeshwa pale husaini makubaliano yaitwayo Umusanzu, yanayowafunga kutumikia sekta ya afya ya nchi yao kwa miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Kuba nayo, tangu mwaka 1999, inasomesha udaktari kwa miaka sita katika chuo cha ELAM jijini Havana, kwa vijana wa familia zisizo na uwezo kutoka nchi nyingi. Masomo ni kwa Kihispania, na kinachotakiwa ni ahadi ya kimaadili ya kurudi kuhudumia jamii iliyokosa madaktari. Kabla ya kupanda ndege, Mtanzania aulize kwanza Baraza la Madaktari Tanganyika, na Mkenya aulize baraza la kwao, ni masharti gani ya usajili yanamsubiri akirudi na shahada ya nje.

Mwenye mkataba mkononi na hajaelewa kifungu fulani, aninukulie maneno ya kifungu hicho katika maoni, nami nitajibu wiki hii. Tafadhali msinitumie picha ya ukurasa wenye jina na namba za mtoto.